Jina Chini ya Kifuniko

Kwa miezi minane nilikuwa Testa, na hakuna aliyejua ila mume wangu. Ndilo jina, la ile bisibisi ya kupimia umeme, nililotumia kuandika blogu yangu ya umeme wa majumbani: soketi zinazonuka, swichi zinazotoa cheche, mafundi wenye haraka. Mchana nilikuwa fundi kwenye karakana ya Mjomba, kaka yake mama, aliyenifundisha kushika bisibisi. Kila nilipobisha hodi kwa mteja, alichungulia nyuma yangu na kuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Nilikuwa nawajibu, "Ameshaingia, anaomba ngazi."

Testa hakuulizwa hivyo. Testa aliaminiwa. Karakanani waliapa kwamba ni mwanamume, tena mkongwe wa kazi, na walipoanza kumdhania Profesa, fundi mwenzetu mwenye miwani na maneno mengi, yeye hakukana. Alitabasamu tu: "Haya mambo hatuyasemi." Wakamvika kilemba cha ukoka, naye akakinyoosha vizuri kichwani. Mimi nilicheka kimoyomoyo. Nilijiona mjanja, yeye na sifa zake, mimi na amani yangu.

Hadi Jumanne ile Mjomba aliponituma kwa mwalimu mmoja mstaafu, nikabadilishe taa ya jikoni. Nilipomaliza niliomba kunawa mikono. Yule mama akanielekeza bafuni, akanipa na ndala za mpira.

"Vaa kwanza hizi, mwanangu. Hiyo hita ya maji inatekenya ukigusa bomba."

"Inatekenya?"

"Kidogo tu. Nilimpigia Testa mwenyewe, yule Profesa wenu, akasema nikivaa mpira hakuna shida. Hata wajukuu nimewanunulia ndala zao, wanakuja Jumamosi."

Nilizima umeme kwenye swichi kuu, nikafungua hita. Waya wa kijani, ule unaopeleka hitilafu ardhini badala ya mwilini mwa mtu, ulikuwa umekunjwa pembeni, haujafungwa popote. Nikageuza kifuniko. Mjomba alinifundisha siku ya kwanza kabisa: fundi akimaliza huandika jina lake na tarehe upande wa ndani, ili mtu akirushwa na umeme wajue fundi wa kumtafuta. Hapa palikuwa peupe.

"Nani alifunga hii?"

"Si nyie wenyewe? Karakana yenu, mwaka jana."

Nilifunga ule waya, nikapima mara tatu, nikaandika jina langu na tarehe. Mwalimu alisogea kusoma.

"Mbona unaandika mahali pasipoonekana?"

"Atakayefungua ataona," nilisema, na nikajisikia mnafiki. Vifuniko vya watu nilivitia jina, lakini maneno yangu mwenyewe niliyaacha peupe, yeyote ayavae.

Jioni mume wangu alitafuta njia ya mkato. "Andika kama Testa kwamba Profesa ni mwongo, yaishe."

"Na yeye akiandika kwamba Testa ni yeye? Nani atajua? Nitaandika kwa jina langu."

"Mjomba je? Unakata tawi ulilokalia, mke wangu."

"Najua."

Niliogopa, sifichi. Tangu nianze kazi sijawahi kuajiriwa pengine. Hata hivyo niliandika yote: hita, waya, ndala za wajukuu, karakana iliyofunga. Asubuhi, kabla sijachapisha, nilimpelekea Mjomba asome. Sikutaka ayasikie barabarani. Aliishika simu mbali na macho, midomo ikicheza.

"Testa ni wewe?"

"Ni mimi, Mjomba. Na haya nitayatia jina langu."

Profesa ghafla akapata kazi nyingi chini ya meza.

"Ulichoandika ni kweli," Mjomba akasema. "Lakini kiache kwa jina la Testa. Akisema Testa, ni porojo za mtandaoni. Ukisema wewe, nimesemwa na damu yangu."

"Siwezi, Mjomba. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika jina."

Alinirudishia simu, kisha akanyoosha kiganja. "Funguo za karakana."

Nilimpa. Iliniuma kuliko shoti yoyote niliyowahi kupigwa. Nilichukua bisibisi yangu ya kwanza, aliyoninunulia yeye mwenyewe, na hakunizuia. Nilipofika nje nilifuta Testa, nikaandika jina langu, la baba na la babu, na namba ya simu chini yake. Nikachapisha palepale mlangoni.

Saa nane mchana nilikuwa nyumbani nafuta meza isiyo na uchafu, simu ikaita. Namba ngeni, sauti ya mwanamume. Aliyataja majina yangu yote matatu taratibu, kama anayasoma mahali.

"Bafu letu linatekenya," akasema. "Naomba kuongea na fundi mwenyewe."

"Unaongea naye."