Jiwe Lilikutwa Ndani ya Gari

Kabla sijasema la mdogo wangu Dorkas, lazima nilieleze gari. Asiyelijua gari lile atanihurumia, nami sitaki huruma ya asiyejua.

Landrova ya zamani husukumwa na magurudumu ya nyuma. Ya mbele hufuata tu. Ukitaka ya mbele nayo yavute, unashuka, unazungusha kwa mkono vifuniko viwili vilivyo katikati ya magurudumu ya mbele, vile tunavyoviita habu, mpaka gurudumu likamatane na shafti yake; hapo habu imefungwa. Kisha unarudi ndani, unabonyeza gia fupi yenye kichwa cha njano. Hapo yote manne yanavuta, na gari litapanda tope linalomshinda punda. Kuna pia jambo la tatu, ambalo wenye magari wengi hawalijui. Breki ya mkono ya gari lile haishiki gurudumu. Inashika shafti kubwa iliyo chini ya tumbo la gari. Kama shafti hiyo imeungana na magurudumu, gari limesimama. Kama haijaungana na chochote, vuta breki mpaka bega likuume, gari litakwenda zake.

Shemeji yangu Fredrick, mume wa Dorkas, alilipata la kwake kwenye mnada wa magari mabovu hapa Same, mwaka 1985. Sabuni na sukari zilikuwa zimeanza kurudi madukani, lakini vipuri bado tulikuwa tunavisikia kwa jina. Nilimsaidia kulifufua. Kijijini kwetu, mlimani juu ya Maore, hakukuwa na gari jingine. Akawa anashusha ndizi na kupandisha chumvi, mafuta ya taa na watu, na kichwa kikamvimba.

Barabara ya kwetu ilichimbwa kwa msaragambo. Pembe ikipulizwa alfajiri, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyekuja anatozwa mbuzi. Fredrick hakuja hata siku moja. Alisema gari lake lina miguu minne inayovuta, kwa hiyo wanaohitaji barabara ni wenye miguu miwili. Alimtuma Dorkas na jembe kwa niaba yake, kisha akapita katikati ya watu walioinama, akipiga honi mpaka wakaruka mtaroni. Mkewe alikuwa miongoni mwao.

Dorkas ndiye aliyekuwa tanboi wake. Wenzake wenye magari waliajiri wanaume. Yeye alimweka mke nyuma kabisa, juu ya mizigo, na jiwe mapajani. Gari likisimama kwenye mwinuko, Dorkas anaruka, anakimbia, anasukuma jiwe nyuma ya gurudumu. Likiondoka, analiokota jiwe, analikimbilia gari na kudandia. Siku moja gari lilirudi kidogo kabla hajautoa mkono. Vidole viwili vilipondeka, kucha zikang'oka. Fredrick alimwambia ashukuru hakuwa ametanguliza kichwa.

Alipokuja Same nilimwomba, kwa adabu, ampumzishe. Nilikuwa gereji kwangu, wateja wamekaa kwenye benchi, wanasikiliza. Fredrick alicheka. Akasema yeye alimtolea Dorkas mahari yote, tena mbele ya mchungaji, na kwamba tanboi wa kuajiriwa angeomba chai. Kisha akawageukia wateja wangu akawauliza kama wanajua fundi wao alianza na baiskeli. Wakacheka pamoja naye. Nilimchukia siku ile kwa moyo wote, na sijawahi kujuta kumchukia. Ninajutia mengine.

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata akaniletea gari linalia nyuma. Nililijua kosa kabla sijalala chini yake. Siku zile alikuwa na mchezo wa kutoka Lembeni mpaka Same, lami kavu njia nzima, habu zimefungwa na gia ya njano iko chini, ili aseme barabarani yeye hukanyaga kwa yote manne. Ujinga mtupu. Kwenye kona kila gurudumu lina mwendo wake, la nje linakwenda mbali kuliko la ndani, ya mbele kuliko ya nyuma. Kwenye tope yanateleza kidogo na kupatana. Kwenye lami hayana pa kuteleza, yanavutana ndani kwa ndani mpaka kilicho dhaifu kikatike. Kwake ilikatika shafti fupi inayotoka kwenye difu, yaani gia zinazogawa nguvu kushoto na kulia, kwenda gurudumu la nyuma.

Ikikatika upande mmoja, upande wa pili nao hauna kazi, difu inazungukia hewani. Gari lake sasa halikuwa na nyuma. Kulikuwa na mbele tu.

Shafti nyingine haikuwepo Same wala Moshi. Fredrick hakutaka kusubiri, alikuwa na magunia ya chumvi ya kupeleka. Nikamwambia inawezekana kwenda kwa magurudumu ya mbele peke yake, taratibu, watu wakisukuma kwenye miinuko. Hilo lilikuwa kweli. Yeyote angemwambia hivyo.

Kisha nikaongeza langu. Nilifuta mikono, nikamtazama usoni, nikasema, "Ukifika nyumbani tu, shemeji, hata kabla ya kushusha mzigo, fungua habu. Mbele imebeba kazi ya wote leo. Ukiiacha imekamatana itakatika nayo."

Ulikuwa uongo. Habu zilizofungwa ndizo peke yake zilizoiunganisha breki yake ya mkono na ardhi. Angefungua moja tu, difu ya mbele nayo ingezungukia hewani, na breki isingeshika kitu. Nilipajua anapoegesha: kwenye kiinuko cha ua wake, pua ya gari ikitazama mlima, mkia ukitazama korongo. Pale nyumbani hakuweka jiwe. Alikuwa akijisifu kwamba breki ya mkono ya Landrova ni mti. Nilitaka asimame kando ya gurudumu la mbele, mkono kwenye habu, alitazame gari lake likirudi nyuma lenyewe mpaka korongoni. Sikutaka afe. Nilitaka awe na miguu miwili kama sisi.

Dorkas nilikuwa nimemtoa humo. Aliteremka na gari asubuhi ile, na vidole vyake vilikuwa vimetunga usaha. Nikamwambia Fredrick amwache abaki kwangu kwa Beatha, mke wangu, aende zahanati. Fredrick alikubali, akinung'unika. Dorkas mwenyewe alinishika mkono kwa ule mzima akasema, "Asante, kaka. Nitalala siku mbili nzima." Nikaona nimepanga kila kitu, nikajiona na akili.

Saa saba mchana nilikwenda nyumbani kula. Beatha alikuwa peke yake. Aliniambia Fredrick alipita saa nne akamchukua mkewe, akisema leo gari ni bovu na jiwe linahitaji mtu. Dorkas hakubisha. Beatha alimfungia viazi vya njiani.

Hapa ndipo penyewe. Niliporudi gereji, Sefu wa ofisi ya kilimo alikuwa pale, pikipiki yake imekwisha kutengenezwa, ina mafuta. Alikuwa anakwenda Kisiwani, njia ileile ya Maore. Gari lile, kwa magurudumu ya mbele na kwa kusukumwa, lisingefika kwetu kabla ya jioni. Pikipiki ingelikuta njiani. Ningepanda nyuma ya Sefu, nikamwomba anifikishe Maore. Lakini ningemwambia nini Fredrick mbele ya abiria wake? Kwamba nilimdanganya? Kwamba fundi wa baiskeli alitaka kuliua gari lake? Nikaanza kujihesabia maneno ya kujituliza. Dorkas ana akili. Dorkas huruka haraka. Akifika nyumbani ataingia jikoni kuwasha moto, hatakaa nyuma ya gari.

Nikampa Sefu ufunguo wake. Akaondoka. Nikarudi kwenye gia boksi ya lori la katani, nikaifungua, nikaifunga. Jioni niliweza hata kula.

Habari ililetwa asubuhi na dereva wa lori la mahindi. Walifika saa kumi na mbili kasoro. Fredrick alivuta breki, akazima, akashuka kufungua habu kama alivyoambiwa. Dorkas alikuwa ameshashuka, yuko nyuma ya gari, mgongo umegeukia korongo, anavuta gunia la kwanza la chumvi kwa mkono mmoja. Habu ya kulia ilipofunguka gari likaondoka. Fredrick alipiga kelele, lakini gunia lilikuwa limeshamwelemea Dorkas kifuani. Gari lilimpitia, likaenda kusimama kwenye migomba, wala halikuingia korongoni. Nilipofika nililiona. Lilikuwa limepinda bampa tu.

Jiwe lilikutwa ndani ya gari, juu ya magunia, pale alipokuwa amekaa.

Hilo jiwe ndilo lililoongea msibani. Fredrick alilia kwelikweli, na yeye akamwambia kila aliyekuja kumpa pole neno lilelile: kazi ya Dorkas ilikuwa jiwe, na siku hiyo hakuliweka. Hakusema kwamba pale nyumbani hajawahi kumwambia aliweke. Nadhani alikuwa ameshasahau. Kuhusu habu hakusema lolote, kwa kuwa hakuona zinahusika vipi; hata kwangu hakuja na swali. Alinikumbatia, akaniita shemeji, akaniambia uzembe wa dakika moja unaua. Watu wa msaragambo, waliorukia mtaroni pamoja na Dorkas, nao walitikisa vichwa wakasema masikini, alisahau.

Siku ya tatu, matanga yalipoanuliwa, mama aliniita chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani na kitenge cha Dorkas magotini. Mama huyu alimfundisha Dorkas kila kazi, na hakuna neno lililomuumiza katika siku zile tatu kuliko kusikia binti yake alikufa kwa uzembe. Nilimwamkia, akaitikia kwa shida.

"Zefania," alisema, "wewe ndiye unayeyajua magari. Wengine wote wanabwabwaja. Niambie wewe, nitaamini. Mwanangu alisahau jiwe?"

Alinitazama akisubiri. Nilimwona anavyotaka niseme hapana. Neno moja tu lingemrudishia binti yake akiwa mchapakazi, kama alivyokuwa. Lakini ningesema hapana angeuliza basi ni nini, na mimi ndiye niliyekuwa nikiyajua magari.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alisahau."

Alikikunja kile kitenge taratibu, akakiweka chini ya kitanda, mahali ambapo huwa anaweka vitu vya kutupa.

Shafti ilipatikana baada ya wiki tatu, kwenye duka jipya la vipuri karibu na stendi, imepakwa grisi na kufungwa kwa karatasi. Niliifunga mwenyewe. Fredrick alivuta breki ya mkono pale gereji, akalisukuma gari kwa bega, likakataa kusogea. Akasema unaona, shemeji, ni mti.