Kiti cha Pili

Studio ya kipindi cha asubuhi ilikuwa na viti viwili vya wageni, na sheria ya pale ilikuwa moja tu: vyote viwili vikaliwe. Akija mgeni wa kusema sukari ina madhara, atafutwe wa kusema haina. Siku aliyoalikwa daktari wa meno, kuanzia alfajiri redio nzima ilikuwa inamsaka mtu mwenye mapengo na msimamo wake. Mhariri mkuu aliiita hiyo haki ya msikilizaji, na kwa jinsi alivyoipenda, wafanyakazi wakambatiza Mizani. Alilijua hilo jina, na lilimkaa vizuri kama shati jipya.

Wa kujaza viti alikuwa mtayarishaji wa kipindi, msichana wa miaka ishirini na saba aliyeitwa Dakika na kila mtu, mpaka mlinzi wa getini. Yeye alikaa nyuma ya kioo na saa ya kuhesabia mkononi: dakika saba za kiti cha kwanza, saba za kiti cha pili, kisha simu za wasikilizaji. Hewani hakuwa anaongea. Kazi yake ilikuwa kuwapata wanaoongea.

Mada iliyomtoa jasho kuliko zote ilikuwa tabianchi. Kiti cha kwanza hakikuwa na shida. Idara ya hali ya hewa ilimleta mama mmoja makini, mwenye miwani na mafaili, ambaye hakuwahi kutamka jambo bila kulipachika asilimia. Wasikilizaji walimwita Mama Asilimia, na mtangazaji alipenda kutania kwamba ukimwuliza hujambo, atakujibu upo uwezekano mkubwa kwamba hajambo. Kasheshe ilikuwa kiti cha pili. Kila msomi aliyepigiwa simu alisema hana cha kubisha. Asubuhi moja kipindi kikiwa kimebakiza nusu saa kuanza, na kiti kitupu kikimkodolea macho, Dakika akampigia mjomba wake.

Mjomba alikuwa fundi pampu mstaafu, mdogo wake mama yake Dakika, mtu aliyeweza kubishana na ukuta na ukuta ukaomba radhi.

"Mjomba, unaweza kubishana na mtu kuhusu joto la dunia?"

"Kubishana naweza. Joto la dunia ndiyo nini?"

Alipofika studio, Dakika alimfundisha palepale kwenye korido, akimfuta vumbi mabegani. "Usikubaliane naye hata kidogo. Ukikubali tu, msikilizaji anahamia stesheni nyingine."

Mama Asilimia alipomaliza takwimu zake, mjomba akasogea kwenye kipaza sauti, akashusha pumzi kama mtu anayevua viatu. "Wapi bwana! Mimi nimezaliwa jua linawaka. Babu yangu alizaliwa jua linawaka. Leo mama huyu ndiyo kwanza amelisikia joto?" Simu zikafurika. Tangu siku hiyo akawa Mzee Wapi. Kinyozi alimpitisha mbele ya foleni, akina mama sokoni walimwomba aseme lile neno lake, naye akalisema, na akaanza kuja studio na koti.

"Mjomba, redioni hawakuoni."

"Mimi najiona."

Basi mambo yalikwenda hivyo miezi minane, mpaka Jumanne moja Mama Asilimia alipotokea redioni bila kualikwa na bila faili. Alisema mvua kubwa imepiga milimani, na maji yote yale yako njiani. Alhamisi mchana mto utavunja kingo, kwa hiyo watu wa bondeni wawe wamehama kabla ya saa sita. "Asilimia themanini," alisema. "Zamani mtu aliona mafuriko kama haya mara moja katika maisha yake. Haya yatakuwa ya tatu ndani ya miaka tisa."

Dakika akainuka kitini. Mama yake alikuwa anakaa bondeni, nyumba ya tatu kutoka ukingoni, yeye na cherehani zake mbili na magunia ya vitambaa vya watu. Akamfuata Mizani ofisini.

"Bosi, kesho tuweke kiti kimoja."

"Kwa nini?"

"Hili ni onyo, siyo mjadala."

"Kila onyo lina wanaolitilia shaka. Wiki iliyopita walipiga simu wangapi? Hao nao si wasikilizaji wetu?" Mizani alizungusha kalamu kwa upole wa mtu ambaye hakai bondeni. "Ukiondoa kiti leo, kesho utaondoa kipi? Mlete mzee."

Jumatano mjomba alikuwa moto wa kuotea mbali. "Themanini? Na ishirini zilizobaki zimekwenda wapi? Mimi niko kwenye hizo ishirini, mama, nimejinyoosha kabisa." Hata fundi mitambo alicheka mpaka akashika meza. Nyuma ya kioo Dakika hakucheka. Alikuwa anatazama saa na kuona dakika saba zinavyoweza kuwa ndefu.

Kipindi kilipoisha tu akampigia mama yake.

"Nimeshafungua masanduku," mama alisema kwa furaha. "Jana nilianza kufunga, nikajichosha bure. Ulimsikia mjomba wako? Eti amejinyoosha."

"Mama, hama."

"Mdogo wangu ule mto ameufungia pampu kuanzia juu mpaka chini. Anaujua kuliko huyo mwenzenu wa asilimia."

"Anaongea tu, mama."

"Kwani redio yenu inaweka watu wanaoongea tu?"

Jibu lilikuwa ndiyo, na aliyewaweka alikuwa Dakika.

Saa tisa akateremka bondeni kwa mjomba, mitaa miwili kutoka kwa mama. Mlangoni kulikuwa na kufuli. Alichungulia dirishani akaona sakafu tupu, iliyofagiwa, hata pazia halikuwepo. Jirani mmoja akamwambia mzee anapaka rangi, ameomba hifadhi kwa rafiki yake kule juu kilimani, kwenye jengo la ghorofa. Dakika alipanda kilima kwa miguu, kijasho kikimtoka, akamkuta ghorofa ya tatu. Kitanda chake kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Pampu zake tano zilikuwa zimepangwa koridoni kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Mwenyewe anakunywa chai.

"Umehama lini, mjomba?"

"Karibu chai, mpwa wangu."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Onyo limetoka Jumanne."

"Mimi nautazama mto, sisubiri asilimia. Jumatatu maji yalikuja mekundu, yanabeba magogo. Mto ukianza kubeba magogo na wewe beba vyako."

"Na leo asubuhi ulikuwa unasema nini?"

"Leo asubuhi nilikuwa kazini." Alimshangaa kweli. "Yale ni ya redioni, mpwa wangu. Kila mtu anajua. Ni kama mpira. Shabiki wa timu mbovu anajua timu yake mbovu, lakini ukimwuliza kijiweni atakwambia wanachukua kombe. Nani atabeba maneno yale ayapeleke nyumbani kwake?"

"Mama ameyabeba. Amefungua masanduku."

Kikombe kilibaki katikati ya safari. "Dada? Dada ana akili zake."

"Ndiyo maana anamwamini mdogo wake. Mpigie."

Mjomba alichukua simu, akaitazama, akaiweka chini taratibu. "Nitaanzaje? Nilimwambia napaka rangi. Niliona haya, Mzee Wapi kukimbia mto kabla ya watu. Nitampigia jioni, nitakuwa nimeyapanga vizuri."

Hakupiga. Dakika alipompigia yeye, simu yake ilikuwa imezimwa. Akampigia mama, akamwambia amemwona mjomba kwa macho yake, na kitanda, na pampu.

"Anapaka rangi, ameniambia mwenyewe," mama alisema. "Wewe tangu asubuhi unanisukuma kama mkokoteni. Na sasa umepata na ya mjomba wako. Kama amehama, kinywa chake kipo, kiniambie."

Alhamisi saa moja asubuhi jua lilikuwa linawaka, anga safi kama limepigwa deki. Kwa mtu asiyejua kwamba mafuriko huja kutoka kwa mvua iliyonyesha kwa wenzako, ilikuwa siku nzuri ya kumcheka Mama Asilimia. Mjomba aliingia na koti lake, macho yakikimbia huku na huku.

"Ulimpigia?"

"Chaji iliisha."

"Basi utasema hewani kwamba umehama."

"Nikisema hivyo mimi nitakuwa nani tena?" alinong'ona. "Fundi pampu mstaafu, basi? Mpwa wangu, wewe ndiye uliyeniambia nisikubaliane naye hata kidogo."

Kweli, ni yeye. Lilimwingia Dakika hilo kama mwiba, akaenda nalo mpaka kwenye kiti chake nyuma ya kioo. Kipindi kikaanza. Mama Asilimia alitumia dakika zake kusoma majina ya mitaa, mtaa mmoja baada ya mwingine, bila asilimia hata moja. Mjomba akashika zamu. Alianza kwa kusitasita, kisha mazoea yakamchukua, na ilipofika dakika ya tatu alikuwa anauliza kama kuna mtu ameona wingu lolote, amletee alipe nauli.

Dakika akampigia mama yake. "Mama, ulitaka kinywa cha mjomba. Usikate." Akamwunganisha kwenye laini ya tatu, na kwenye skrini ya mtangazaji akaandika: mama, kutoka bondeni.

"Tuna mpigaji kutoka bondeni kwenyewe," mtangazaji alisema kwa sauti yake ya asali. "Karibu mama, swali lako ni kwa nani?"

"Kwa huyo wa kiti cha pili."

"Lete mama, lete," mjomba alisema, kisha akasogea mbali na kipaza sauti, maana sauti ile aliijua kabla hajajua kusema.

"Mbona hunisalimii?"

"Shikamoo, dada."

Tabasamu la mtangazaji liliganda. Mama Asilimia akavua miwani.

"Marahaba. Jana umelala wapi?"

Ukimya redioni ni kitu kibaya. Kazini walifundishwa kwamba sekunde tatu zinatosha kumfanya msikilizaji apige redio kofi akidhani imeharibika. Dakika alihesabu sekunde tisa. Alimwona mjomba akifungua kifungo cha koti, akikifunga tena, akimtazama yeye kupitia kioo kama mtoto anayetaka aitwe nyumbani.

"Kwa rafiki yangu, dada. Juu."

"Tangu lini?"

"Jumatatu."

"Kwa sababu ya rangi?"

"Kwa sababu ya mto. Niliuona."

"Ukauona mto, ukaenda kuzihamisha pampu," mama alisema polepole. "Haya. Nimekusikia." Laini ikakatika.

Mlango wa chumba cha mitambo ukafunguka kwa nguvu. Mizani alikuwa mwekundu wa macho. "Umemweka mama yako mzazi hewani?"

"Ni msikilizaji, bosi. Ana haki."

"Na dakika tatu za kiti cha pili zilizobaki? Nani anazijaza?"

Zilijazwa na simu. Wa kwanza alisema redio imepanga mchezo ule, mama yule ni mwigizaji na anamfahamu. Wa pili alisema Mzee Wapi amenunuliwa. Mjomba akasogea kwenye kipaza sauti mpaka midomo ikakigusa, akasema jamani, hameni, mimi mwenyewe nimehama. Wa tatu alikuwa anacheka tu, hata kuongea hawezi.

Saa nne Dakika na mjomba walikuwa wanateremka bondeni kwa gari la redio, ambalo hakuna aliyewaruhusu kulichukua. Mama walimkuta barabara ya juu, amekalia gunia, cherehani moja pembeni, anafuta jasho. Hakumsalimia binti yake.

"Ulijua lini?" alimwuliza.

"Jana, mama. Nikakwambia."

"Na huko kumweka redioni miezi minane, ulikuwa hujui alivyo?"

Dakika aliinama akakamata gunia lingine.

"Kuna cherehani moja ndani na masanduku mawili," mama alisema. "Hayo ni ya kwako. Huyu ana majirani wa kuongea nao."

Mjomba akaanza na nyumba ya kwanza. Jamaa alifungua mlango, akamwona, akaachia meno yote. "Mzee Wapi mwenyewe! Haya, tupe ile ya asubuhi." Mjomba akamwambia mto unakuja. Yule bwana alicheka mpaka akamwita mkewe aje asikie, na mjomba akarudia, na mke akacheka zaidi. Nyumba ya pili walitaka kupiga naye picha. Ya tatu walimwambia, mzee, mvua iko wapi, hebu tazama juu, na maneno yale yalikuwa yake mwenyewe ya asubuhi. Alikuwa ameanza kukauka sauti. Kutoka nyuma ya nyumba za ukingoni ulisikika mngurumo mdogo, kama lori linalopanda kilima ambalo halifiki.

Dakika alikuwa anapita na sanduku kichwani mjomba alipogonga mlango wa nne. Alifungua mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni na povu la sabuni mikononi. Alimtazama mjomba kuanzia koti mpaka viatu, wala hakutabasamu.

"Nikusaidie nini, baba?"

"Hunifahamu?"

"Sikufahamu. Mimi hapa nina mwezi mmoja, na redio sina. Wewe nani?"

"Fundi pampu. Mto unajaa, binti yangu. Saa sita utakuwa humu ndani. Mchukue mtoto, chukua unachoweza, panda juu sasa hivi."

Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho. Alitega sikio upande wa mto, akakausha mikono kwenye kanga, akauliza barabara ya juu ni ipi. Kisha akageuka ndani akaanza kukusanya.

Mjomba alibaki mlangoni, akizitazama nyumba za upande wa pili wa njia, na watu waliokuwa vibarazani wakisubiri afike kwao wacheke. Akamwita yule mwanamke kwa sauti ya chini.

"Ukitoka, wapitie na hawa majirani uwaambie kama nilivyokwambia," alisema. "Ila usiwaambie kwamba nimekutuma mimi."