Mafuta Yaliyojitenga

Muuguzi aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha. Kabla umeme haujakatika, chanjo ilikuwa na ukungu laini kama maji ya mchele. Sasa vipande vyeupe vilielea juu, kama mafuta ya mchuzi uliolala.

Chanjo hiyo ilibebwa ndani ya chembe za mafuta zisizoonekana kwa macho. Ikikosa baridi, chembe hushikana, na kilichomo ndani huharibika. Jenereta ya friza ya chanjo ilikuwa imehamishiwa nyumbani kwa mkuu wa kituo, ng'ambo ya ukuta. Ngurumo yake ilisikika mpaka chumbani.

"Imeharibika, bosi," alimwambia mkuu alipoingia.

"Tikisa."

"Nimetikisa. Haichanganyiki."

"Wageni wa uzinduzi wako njiani, kina mama wamejaa uani. Niwaambie nini? Itamdhuru mtu?"

"Haitamdhuru. Wala haitamkinga."

"Basi." Mkuu alinyoosha kola yake. "Wanangu walichanjwa mjini, hata hawakulia. Anza kazi."

Akaanza. Pamba, sindano, kadi. Kadi ndiyo iliyomwelemea: mtoto akishagongewa muhuri, hachanjwi tena.

Kisha akaingia mke wa kaka yake, mtoto begani.

"Wifi, taratibu. Huyu kamrithi kaka yako, akiona sindano anazimia."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakacheka. Muuguzi akamgusa mtoto kwenye paji la uso. Halikuwa na joto.

"Ana homa. Mlete wiki ijayo."

"Homa gani? Katoka kunyonya sasa hivi." Wifi alimtazama. "Wenzake wachanjwe, wangu abaki? Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Yule wa kwanza alikufa kwa ugonjwa huuhuu. Wewe ndiye uliyenishika mkono makaburini."

Muuguzi alifungua mdomo. Mlangoni wanawake wakapisha njia. Mkuu alikuwa amesimama pale, wageni na kamera nyuma yake.

"Kuna tatizo, sista?" aliuliza akitabasamu.

"Hakuna."

Akachoma. Mtoto akalia, kamera zikamulika. Akagonga muhuri.

"Ahsante, wifi," mama alisema, akiifunga kadi kwenye pindo la kanga. "Leo nitalala usingizi."

Mhudumu akaingia kutoka nyumbani kwa mkuu na sinia la soda za wageni. Chupa zilikuwa baridi hasa, zinatoka jasho. Mkuu akachukua moja, akaiweka mezani kando ya kichupa kitupu.

"Kunywa, sista. Unaonekana umechoka."