Damu ya Mzee Elihuruma

Mzee Elihuruma alianguka akichuma kahawa kule Nkoaranga, moyo ukasimama. Jirani aliyekuwa muuguzi akamkandamiza kifua mpaka moyo ukaanza kupiga tena, lakini mzee hakuzinduka.

Bintiye Fransiska, mwalimu wa biolojia mjini, alimkuta daktari hospitalini akimtoa baba damu ya kupeleka Ulaya.

"Ni ya utafiti," daktari alisema. "Seli za ubongo zikifa, protini yake huvujia kwenye damu. Ikiwa nyingi, matumaini ni madogo."

"Yaani damu ya mkononi inajua habari za kichwani?"

"Ndicho tunachochunguza, mwalimu."

Kabla majibu hayajarudi, mzee alifumbua macho, akaomba uji. Fransiska akalia kwa furaha. Kisha faksi ikaja: protini ilikuwa nyingi mno.

Fransiska hakutulia. "Daktari, protini hiyo haipo kwingine mwilini?"

"Ipo hata kwenye chembe nyekundu za damu."

"Je, kama chembe hizo zilipasuka safarini, zikaimwaga humo?"

Daktari akaitazama faksi upya. "Inawezekana kabisa. Itabidi tuwaulize wa maabara kule Ulaya."

Mzee akaweka kikombe chini. "Habari za kichwa changu," akasema, "si mniulize mwenyewe?"