Mianzi ya Juu ya Meko

Siku nane kabla ya harusi ya wifi yake, Vestina alifungua kopo alimohifadhi seti nzima ya bibi harusi, mkufu, hereni na bangili, akakuta unga. Haukuwa mwingi, labda wa kujaza kijiko, mweupe na laini kama wa muhogo uliochekechwa. Akakitikisa kigae kimoja cha mwanzi, unga mwingine ukamwagika. Akakiminya kati ya vidole, kikavunjika. Bungua, wale wadudu watoboao miti, walikuwa wameingia kwenye kila kigae na kula kwa raha zao, kama watu walioalikwa kabla ya wageni wengine.

Alikaa chini palepale, mlangoni mwa kibanda chake cha kazi mjini Kasulu, akajiona mjinga wa mwisho. Kosa alilijua. Mwanzi hukatwa kiangazi, hulowekwa kijitoni wiki mbili, huchemshwa, kisha hukaushwa kivulini. Hayo ndiyo aliyokuwa akiwafundisha wenzake wa kikundi cha mapambo kila siku, tena kwa kuwagombeza wenye haraka. Lakini Gentille, wifi yake, alileta habari za harusi masika yamepamba moto, na furaha ikampanda Vestina kichwani. Akakata mianzi ikiwa imejaa maji yake matamu, akaianika juani siku nne tu, akaipasua, akaikata vigae vya ukubwa wa ukucha wa dole gumba, akavipiga msasa na kuvichora kwa msumari wa moto. Vikapendeza mno. Uzuri ule ndio uliomlaghai.

Ingekuwa harusi ya mtu mwingine angeomba radhi, yakaisha. Hii ilikuwa harusi ya binti wa mama mkwe wake, Mama Pelagia, na Mama Pelagia alikuwa na maoni yake juu ya vigae vya mianzi, maoni ambayo hayakuwa siri kuanzia Heru Juu mpaka Buhigwe. Mwanzi, alisema, ni wa tenga na wa uzio. Mwanamke akiuvaa shingoni anafanana na kuku anayepelekwa mnadani. Yeye alikwisha kuona saluni moja mjini inayokodisha mikufu ya rangi ya dhahabu, akaweka nafasi bila kumuuliza mtu. Gentille, ambaye ni mwalimu huko Kibondo na hapendi kelele, alikataa kwa sauti ya chini na hakurudi nyuma: atavaa kazi ya wifi yake, au ataingia kanisani bila pambo lolote. Mama Pelagia akamwacha binti. Alimgeukia Vestina, akamwambia wataonana siku hiyo.

Vestina hakuwa mtu wa kutafuta sifa. Alitaka kitu kimoja tu: huyu mama, aliyeishi naye ukwe miaka kumi na moja, siku moja atazame kazi ya mikono yake asione uzio. Harusi hii ndiyo ilikuwa nafasi yenyewe, na sasa nafasi imegeuka unga.

Kesho yake asubuhi alipanda bodaboda kwenda Heru Juu kwa mkwewe kukiri. Mumewe, Nkunzimana, alikuwa amemshauri apige simu tu, mama aseme weee mpaka salio liishe. Vestina akakataa. Aibu ya namna hii, alisema, mtu anaipeleka mwenyewe.

Alimkuta mkwewe jikoni anakoroga uji. Akamsalimia kwa goti, akafunua kopo, akasema yote bila kujitetea, na mwisho akasema ule mkufu wa saluni ukachukuliwe tu, yeye amekubali. Kisha akainama kusubiri kicheko.

Kicheko hakikuja. Mama Pelagia alichovya kidole kwenye unga, akaunusa, na uso wake ukabadilika kama wa mtu aliyetukaniwa ukoo.

"Mwanzi wa masika," akasema. "Nani alikufundisha kukata mwanzi? Marehemu angekuona, angekunyang'anya panga."

Marehemu ni Mzee Stanislaus, mumewe, fundi wa matenga aliyefariki miaka sita iliyopita. Kabla Vestina hajakubali kosa kwa mara ya pili, mama alikwisha kupanda juu ya kigoda. Juu ya meko palikuwa na uchaga, mianzi mirefu iliyopangwa sambamba, ambapo alihifadhi vyungu na mahindi ya mbegu. Mzee aliujenga mwaka aliozaliwa Nkunzimana, na tangu hapo ulikuwa umekula moshi wa kila ugali na kila maharage yaliyopikwa katika nyumba ile. Ulikuwa mweusi tii. Mama Pelagia alisogeza vyungu, akashika mwanzi mmoja kwa mikono miwili, akavuta. Ukagoma. Akavuta tena, masizi yakamwagika kwenye kitambaa chake na kwenye uji. Mara ya tatu mwanzi ukachomoka kwa kishindo, na Vestina akawahi kumdaka kiunoni, la sivyo harusi ingeahirishwa.

"Haya, tafuta bungua humo," akasema, akimkabidhi. "Tafuta. Nakupa mpaka jioni."

Vestina alikwangua masizi kwa kisu, akausugua mwanzi kwa majivu na limau, akausuuza. Chini ya weusi ule palikuwa na rangi ambayo hajawahi kuiona kwenye kopo lolote la vanishi: ya chai ya rangi iliyokolea, na pale kamba zilipokuwa zimefunga, ya asali. Akakata kigae kimoja. Msumeno ulilalamika, maana mwanzi ule ulikuwa mgumu kama pembe. Akakipiga msasa, akakipaka nta, akakiweka kwenye kiganja cha mkwewe.

Mama Pelagia alikipeleka mlangoni kwenye mwanga. Alikigeuza huku na huku, akakigonga kwa ukucha. Halafu akasema kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiwaambia watu siku zote, kuwa mwanzi wa Stanislaus si mwanzi wa hivihivi. Hakuna aliyewahi kumsikia akiyasema hayo, lakini Vestina hakuwa mwendawazimu wa kumkumbusha.

Tangu hapo ubishi ukahama. Habari za dhahabu zikafa, ikawa sasa mama anamlaumu Vestina kuwa ni bahili wa vigae. Alihamia Heru Juu siku tano na msumeno wake, msasa wake na spoki ya baiskeli ya kutobolea matundu kwa moto. Mkwewe akawa anakaa pembeni anachagua, anakataa, anaongeza. Akashusha mwanzi wa pili, wa nne, wa saba. Akachora ardhini kwa mkaa yale mapambo ya pembepembe waliyokuwa wakifuma kwenye vifuniko vya vikapu alipokuwa msichana, na Vestina akayahamishia kwenye vigae kwa ncha ya msumari. Siku moja mama aliomba ajaribu mwenyewe, akaungua kidole, akautukana msumari kwa Kiha cha zamani mpaka wote wawili wakacheka wakashika mbavu. Majirani wakatangaza kuwa Mama Pelagia anabomoa jiko kwa ajili ya harusi. Vestina alikuwa na furaha kubwa kiasi cha kuiogopa.

Tatizo lilibaki moja. Vigae vilinuka moshi. Alivisugua kwa sabuni, akavianika, akavipaka nta mara mbili. Vikikaa kivulini vinatulia, vikipata joto harufu inarudi. Aliwaza walimu wenzake Gentille watakavyokunja pua.

Jumamosi, Kibondo, jua lilikuwa kali tangu saa nne. Walimvalisha bibi harusi chumbani kwa mwalimu mwenzake. Mkufu wa safu tano ulilala juu ya gauni jeupe, na waliokuwa chumbani wakasogea kutazama. Kisha joto la shingo likafanya kazi yake, harufu ikapanda. Vestina akaanza kuomba msamaha. Gentille akamzuia kwa mkono, akainua mkufu mpaka puani, akafumba macho.

"Nanuka jikoni kwa mama," akasema.

Alilia na kucheka kwa pamoja, ikabidi apakwe poda upya, na manukato yote ya mezani akakataza yasimguse. Pasikali, mume wake mtarajiwa, alipomsogelea madhabahuni alionekana wazi akivuta pumzi, na kutabasamu kama mtu aliyekumbuka kuwa ana njaa.

Kwenye sherehe, mashangazi wa Pasikali walikuja mmoja mmoja kushika hereni na kuuliza zimetoka wapi. Mshereheshaji akaona bora mama wa bibi harusi aseme neno. Mama Pelagia alishika maiki kama mchi. Akamshukuru Mungu, akawashukuru wakwe, akawashukuru waliopika. Halafu akatafuta kwa macho mpaka meza ya tatu, alipokaa Vestina.

"Uchaga wangu umekwisha," akasema. "Vyungu viko chini, najikwaa kila asubuhi. Mianzi ya mume wangu iko shingoni kwa binti yangu, na haijawahi kupendeza hivi miaka yote niliyokaa nayo. Mimi nilisema mwanzi ni uzio. Nilikosea. Aliyenionyesha ni mukazana wangu huyu, mke wa mwanangu. Simama, Vestina, wakuone."

Vestina akasimama. Vigelegele vikapigwa.

"Sasa nauliza mbele ya mashahidi," mama akaendelea. "Mkufu wa kwangu nitauvaa lini?"

Ukumbi ukalipuka. Vestina akafungua utepe kwenye zawadi iliyokuwa karibu, akaenda mbele. Miaka kumi na moja walikuwa wamepeana mikono tu. Mama Pelagia akavua mtandio, akainamisha kichwa, na Vestina akauzungusha utepe kwenye shingo ile yenye mikunjo ili apate kipimo.

Mama akamnong'oneza asikaze, aache nafasi, vigae viwe vikubwa, na safu zisipungue tano. Vestina akamnong'oneza kuwa mianzi imekwisha.

"Haijaisha," akasema Mama Pelagia, akiwa amesahau maiki mkononi. "Niliuficha mmoja chini ya kitanda, toka siku ile ya kwanza."