Risasi za Samli

Ndugu yangu Nasr alipostaafu wizarani alipewa ngao ya kioo yenye jina lake, na mwezi haukupita akashikwa na uarabu. Simtukani. Sote ni Waarabu, pasipoti zinasema. Lakini sisi tuliozaliwa Unguja tukarudi huku Omani na akili zetu, huo uarabu tunauvaa polepole, kama mtu na kiatu kipya. Nasr aliuvaa wote siku moja. Akawa anakwenda mol ya Bawshar kununua mkate na jambia kiunoni.

Chanzo ni Rawya, bintiye. Rawya kampenda kijana wa Qurayyat, Azzam, injinia wa maji, ana adabu, anakula chakula changu bila kuuliza ndani mna nini. Kizuizi kilikuwa babu yake, Mzee Yaqdhan. Kwao hakuna ndoa inayopita mpaka yeye atikise kichwa, na kuhusu sisi alikuwa kasema hivi: "Wazinjibari? Watu wema. Wanapika vizuri. Lakini bunduki hawaijui."

Na kwao ndiyo ada. Siku ya posa wakwe huenda kwa mzee, na watu wakishakula, wazee wa pande mbili hushindana shabaha kwa Martini, zile bunduki za kale za baruti nyeusi. Mkwe asiyepiga anahesabiwa kaja kula tu.

Rawya alimpa baba yake maneno hayo huku anacheka. Nasr hakucheka. Akampigia simu Azzam palepale.

"Mwambie babu yako, sisi hatununui risasi. Tunayeyusha na kusubu wenyewe, nyumbani. Kazi ya babu yetu hiyo."

Mie nilikuwa nakuna nazi. Nikangoja akate simu.

"Nasr, babu yetu yupi?"

"Babu Amur."

"Babu Amur alikuwa akiuza barafu Darajani."

"Kabla ya hapo, Da Kheiria."

"Kabla ya hapo alikuwa mtoto."

Akatoka, akapiga mlango.

Bunduki ikapatikana, na kibali chake na mihuri yake. Mwalimu akawa mzee mmoja wa Kimarekani kwenye simu, ndevu mpaka kifuani, anasubu risasi ghalani kwake huku anasifu nchi yake. Madini ya risasi Nasr aliyatoa Darsait, kwa mafundi wa matairi, vile vipande wanavyobandika kwenye magurudumu yasitikisike. Kalibu ya kumiminia ikaja kwa ndege. Sufuria ikawa yangu, ya halua, na alipoiweka jikoni nikamtoa yeye na sufuria yake mpaka uani, maana moshi ule ni sumu na mie bado nataka kuishi nione watu wanavyoharibikiwa.

Risasi ya kwanza ilitoka kwenye kalibu ina mikunjo kama uso wangu.

"Kalibu baridi," akasema, kama daktari.

Ya pili ina shimo. Ya tatu nusu yake haikuja. Lakini ndugu yangu mkaidi, na baada ya kuzisubu na kuziyeyusha tena wiki nzima, zikaanza kutoka risasi za kweli, nene, zinang'aa, kila moja na mifereji yake kiunoni. Alizipanga dirishani kama vikombe vya kahawa. Kila mgeni akaonyeshwa. Mwenye kuleta gesi akaonyeshwa mara mbili.

Ikaja kazi ya mafuta. Ile mifereji inatakiwa ijazwe nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya mnyama, mtutu usigande masizi.

"Mnyama gani?" nikamuuliza.

"Mmarekani anatumia nguruwe."

"Astaghfirullah!"

"Ndiyo maana mie natia samli."

Akatia samli. Nta aliiona ngumu, haina harufu, akatia kidogo tu. Samli akamimina kama anapika arusi. Jioni ile ua mzima ulinukia, paka wa jirani wakapanga foleni.

Rawya akaja kunikalia kitandani. "Shangazi, mie siolewi na bunduki. Lakini mzee akikataa, Azzam hatamvunjia babu yake heshima. Kanambia. Basi baba apige japo mlima."

"Mlima ataupata, mwanangu," nikamwambia. "Ni mkubwa."

Tukenda Qurayyat Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, jua la kukaanga yai juu ya boneti. Risasi, kila moja ishatiwa kwenye ganda lake la baruti, zilikuwa kwenye sanduku, nyuma ya gari. Wanaume wakaswali, wakaingia majlisi. Zikaja tende na kahawa. Ikaja halua na kahawa. Yakaja matunda, wali, nyama, na kahawa tena. Tulikuwa chumba cha pili na wanawake, tunasikia kila kitu.

"Tutoke tukapige?" anauliza Mzee Yaqdhan.

"Hapana haraka, sheikh," anasema Nasr, kwa Kiarabu cha kupiga pasi.

Alikuwa kasoma mahali kwamba Mwarabu wa kweli hainuki mwanzo. Basi akakaa kama kabati. Mzee naye ni mwenye nyumba, hawezi kumwinua mgeni. Adabu ikapambana na adabu, na gari liko juani.

Katikati ya hayo nilikwenda garini kutafuta dawa zangu za presha. Nikafungua nyuma. Harufu ya samli ikanipiga usoni. Nikarudi nikamnong'oneza Rawya: "Watu hawa wakarimu, mwanangu. Washatutilia biriani ya kwenda nayo."

Alasiri ndipo walipotoka. Nyuma ya mitende kuna bonde, na ng'ambo yake jiwe limepakwa chokaa. Wanawake tulipanda ukutani kutazama. Mzee Yaqdhan akapiga wa kwanza. Mlio ukazunguka milima, moshi ukapanda mweupe, jiwe likaruka kipande. Akakaa chini kama hakufanya kitu.

Nasr akasimama, akajiweka sawa, akavuta.

Mlio ulikuwa wa mtu mnene anapokaa kwenye godoro. Moshi ukatoka kidogo, unanukia kama kitunguu kinachokaangwa.

Jiwe lilikuwa vilevile. Udongo wa pembeni vilevile.

"Imepita karibu," akasema Nasr, akatia risasi nyingine.

Risasi hata ikikosa inatimua vumbi mahali. Mie sikuona vumbi. Nikasimama juu ya ukuta, wanawake wananivuta abaya.

"Nasr! Weka chini! Ya kwanza haijatoka!"

Lakini nilisema Kiswahili, na ndugu yangu mbele ya Waarabu hajawahi kusikia Kiswahili maishani mwake. Akainua bunduki. Rawya akaruka ukuta, akakatiza katikati ya wanaume wote wale, akaushika mtutu akauinamisha chini.

"Baba," akasema kwa Kiarabu, kila mtu anasikia, "ikipasuka nani ataniozesha?"

Mzee Yaqdhan akaichukua bunduki, akatoa risasi ya pili, akachungulia mtutu. Giza. Wakasukuma fimbo, ikaanguka ile ya kwanza. Ilikuwa imesukumwa na fataki tu, kile kiwashio cha nyuma ya ganda, mpaka katikati ikakaa, maana samli ilikuwa imeyeyuka garini na kuteremka kwenye baruti. Mzee akaing'oa na ile ya pili kutoka kwenye ganda lake. Baruti ikamwagika kiganjani kama uji. Akanusa.

"Hii nini?"

"Samli, sheikh," akasema Nasr.

"Umetia samli kwenye bunduki?"

"Wenzetu hutia nguruwe."

Hapo wanaume wote walikubaliana kwamba samli bora.

"Na hii ndiyo kazi aliyokufundisha babu yako?"

Nasr akamtazama Rawya, bado kasimama katikati ya wanaume. Mie nilimjua ndugu yangu. Alikuwa na babu wengine watatu tayari mdomoni. Akawameza.

"Babu yangu alikuwa akiuza barafu."

"Barafu? Zanzibar? Haiyeyuki?"

"Ilikuwa ikiyeyuka, sheikh. Ndiyo maana hatukurithi kitu."

Mzee alicheka mpaka bakora ikamtoka mkononi. Azzam akamwokotea, uso mweupe kama chokaa ya jiwe, hajui kicheko kile ni cha ndiyo au cha nendeni kwenu. Mzee akafuta machozi kwa ncha ya kilemba.

"Wakwe zangu wote wananishinda," akasema. "Kila ninayemwozesha mjukuu anakuja hapa, anavunja jiwe langu, kisha kila Idi ananipigia simu kunikumbusha. Nimechoka. Huyu nitamshinda mpaka nife. Ndoa ipo. Lakini kila Idi aje tushindane, na asinunue risasi dukani. Aje na zake."

Nasr akavuta pumzi. Nilimwona anatafuta namna ya kusema kwamba wiki mbili tu zinamtosha kurekebisha nta.

"Anakubali, babu," akasema Rawya.

Nasr akamtazama mwanawe, akaitazama bunduki, na habari ya nta akaimeza. Kisha akaomba kahawa.