Mlimani Kuko Shwari

Kwanza ulisikika mkwaruzo. Chuma kilikuwa kikikwangua lami mahali fulani ndani ya weupe wa dhoruba ya theluji, na waliokuwa kwenye foleni mbele ya kizuizi walipunguza sauti za redio wasikilize. Kisha ikaonekana taa ya rangi ya chungwa ikizunguka, chini yake lori la kusukuma theluji, na nyuma ya usukani Torbjørn Haugland, aliyekufa majira ya baridi yaliyopita.

Aliwapungia mkono. Baadhi yao wakampungia.

Binti yake, Sunniva, ndiye aliyeendesha gari la mkia. Upepo ukizidi, hakuna anayeruhusiwa kuuvuka mlima ule peke yake: magari hungoja kizuizini, lori la theluji likatangulia, wote wakalifuata kama vifaranga, na gari la mkia likaja nyuma kuhakikisha hakuna aliyebaki. Sunniva alikuwa amekwisha kupita dirisha kwa dirisha. Vaa koti sasa hivi, usingoje kukwama. Usiipoteze taa ya aliye mbele yako. Na liwalo na liwe, usishuke garini.

Sheria hiyo ya mwisho Torbjørn aliihubiri miaka yote, na siku aliyokufa aliivunja. Asubuhi ile aliwaambia wa ofisi ya barabara kwa redio kwamba upepo umevuka kiwango, barabara ifungwe. Wakamjibu kwamba malori ya samaki yamengoja vya kutosha. Katikati ya mlima gari moja likapotea nyuma yake, naye akashuka kulitafuta kwa miguu. Walimkuta ameganda karibu na mlango wa lori lake, ameunyooshea mkono.

Baada ya maziko alirudi kazini. Mkewe alisikia mkwaruzo nje, akafunua pazia, akaona njia ya uani imesafishwa, akaenda kuteleka kahawa. Ofisini walimrudisha kwenye zamu. Msimamizi, Roald, alisema dereva mzoefu kama yule huwezi kumpata kwa kutangaza gazetini.

Kimoja tu kilikuwa kimebadilika. Kila alipoulizwa hali ya hewa, Torbjørn alijibu, "Kuko shwari." Upepo ungeweza kung'oa mapaa ya mabanda ya kondoo, yeye ni shwari tu, kwa kuwa hakuna kilichomuuma tena. Alipokuwa hai na baridi ikimkata mifupa, neno lake halikuwa na uzito. Sasa hasikii baridi, na neno lake ndilo linalofungua barabara.

Asubuhi hii Sunniva alimwonyesha Roald kipimo cha upepo. Roald hakukitazama sana. Alikuwa akipaka jibini la kahawia kwenye mkate.

"Baba yako yuko huko juu, amesema kuko shwari. Au unataka kumfundisha mzee kazi?"

"Baba yangu amekufa, Roald."

"Najua, nililibeba jeneza lake. Mzito alikuwa. Lakini hajawahi kuchelewa zamu, jambo ambalo siwezi kulisema juu yako."

Kizuizi kikainuka.

Mwendo wa nusu ya mlima, taa nyekundu iliyokuwa mbele ya Sunniva iliyumba, ikainama, ikazimika. Alikanyaga breki. Gari la Gjertrud, muuguzi anayewazungukia wazee majumbani, lilikuwa limeteleza na kuzamisha pua kwenye ukuta wa theluji. Msafara uliobaki ulikuwa umekwisha kumezwa. Theluji ilijaa upesi nyuma ya gari lile, na bomba la moshi lilikuwa karibu kufunikwa. Gjertrud akiacha injini ikinguruma, moshi utamlaza. Akiizima, baridi itamlaza.

Sunniva alishika redio.

"Baba, simama. Gjertrud amekwama."

"Kuko shwari huku," ilijibu sauti, pole na ya kuridhika. "Tunakwenda vizuri."

Alirudia. Akajibiwa vilevile. Bomba la moshi halikuonekana tena. Sunniva alifunga zipu ya koti mpaka kidevuni.

"Baba, nimeshika kitasa cha mlango."

Redio ilikoroma.

"Usishuke," alisema Torbjørn.

"Basi njoo."

Mkwaruzo ulisikika nyuma yake, ingawa lori lilikuwa mbele. Baadaye madereva wengine walisema halikuacha kuwaongoza hata kidogo, waliifuata taa yake mpaka chini, na hakuna aliyeona sababu ya kubishana. Lori lilimpita Sunniva, likakwangua theluji iliyolizingira gari la Gjertrud, kisha likasimama upande unakotoka upepo, likawa ukuta. Sunniva alisogeza gari lake mpaka mlango ukakaribiana na mlango. Gjertrud akajivuta kutoka huku akaingia kule, soli zake zisiguse barabara, akaomba radhi kwa kuchafua kiti.

Ng'ambo ya mlima, Gjertrud alipewa kahawa na kitumbua cha moto, akapiga simu kumwambia mzee aliyekuwa akimngoja kwamba sindano itachelewa. Roald naye aliita kwa redio. Aliuliza hali. Torbjørn alisema kuko shwari. Roald akasema vizuri, basi msafara wa kurudi uondoke mara moja, gari la mkia atapewa mtu wa upande ule, na lile lililokwama litavutwa hali ikitengemaa.

Sunniva alipanda ngazi ya lori, akafungua mlango. Ndani, vioo vilikuwa na barafu, na nyusi za baba yake zilikuwa na barafu ile ile ya mwaka jana.

"Kuna baridi?" Torbjørn aliuliza.

"Ipo, baba. Kali."

"Mimi siisikii."

"Najua."

Aliingia, akaketi kando yake, akavua glavu, akauweka mkono wake mtupu juu ya mkono ule uliokuwa kwenye usukani. Meno yake yalianza kugongana. Torbjørn aliyasikiliza kwa makini, kama mtu anayesikia lugha aliyoizungumza utotoni. Mbele yao kizuizi kilikuwa kikiinuka.

"Kuanzia leo sibanduki kwenye kiti hiki," alisema Sunniva. "Wakikuuliza hali, nisikilize mimi kwanza. Nakuahidi, baba, nitatetemeka kwa niaba yetu sote wawili."